Kujiandaa kwa Mtihani wa DAT kwa Mwanafunzi Anayesumbuliwa na Wasiwasi

Anayetaka kusomea udaktari wa meno nchini Marekani hulazimika, katika vyuo vingi, kufanya mtihani unaoitwa DAT, ambao huandaliwa na ADA, yaani chama cha madaktari wa meno cha nchi hiyo, na hufanyika kwa kompyuta katika vituo vya kampuni ya kusimamia mitihani iitwayo Prometric. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya yule ambaye masomo yenyewe anayaweza, lakini kila anapokikaribia chumba cha mtihani moyo humwenda mbio, viganja humtoka jasho, na aliyoyajua jana humtoka kichwani kana kwamba hakuwahi kuyasoma. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilimaliza kidato cha sita Tanzania kwa tahasusi ya PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, nikafaulu vizuri, nikaifuata familia yangu Marekani, na mara ya kwanza nilipokaa mbele ya DAT nilisoma swali moja la baiolojia mara nne au tano bila kuelewa linauliza nini. Kwa miezi kadhaa niliamini kwamba kilichoniangusha ni uchache wa kusoma. Niliporudia, kiasi cha kusoma hakikuwa kimebadilika sana. Nilichoongeza ni kuuzoesha mwili wangu mtihani ule kabla ya siku yake kufika, na hilo ndilo nitakalolieleza kwa urefu.

Ujue mtihani kwa hesabu zake

DAT una maswali 280, yote ya kuchagua jibu. Sehemu ya kwanza ni ya sayansi, yenye maswali 100 kwa dakika 90: 40 ya baiolojia, 30 ya kemia ya jumla na 30 ya kemia ya kikaboni. Sehemu ya pili hupima uwezo wa kuona maumbo akilini, nayo ina maswali 90 kwa dakika 60. Baada ya hapo kuna mapumziko ya hiari ya dakika 30, kisha huja ufahamu wa kusoma wenye vifungu vitatu na maswali 50 kwa dakika 60, na mwisho hisabati yenye maswali 40 kwa dakika 45. Ukijumlisha maelekezo ya mwanzo na dodoso la mwisho, utakuwa kituoni kwa zaidi ya saa tano.

Gawanya dakika hizo kwa maswali yake uone: sekunde 54 kwa kila swali la sayansi, sekunde 40 kwa kila swali la maumbo, na zaidi kidogo ya dakika moja kwa ufahamu na hisabati. Sisi tuliokulia katika mitihani ya kidato cha sita, ambako kila somo lina siku yake na unapewa nafasi ya kueleza hoja, tunaweza kuyajua majibu yote na bado tukashindwa kwa sababu hatujawahi kukimbizwa hivyo. Jambo la faraja ni kwamba jibu lisilo sahihi halikatwi alama, kwa hiyo hakuna sababu ya kuacha swali wazi, na ndani ya sehemu moja unaruhusiwa kuliwekea swali alama na kulirudia kabla muda haujaisha.

Kuhusu alama, kuanzia Machi 2025 matokeo hutolewa kwa kipimo cha 200 hadi 600, kwa hatua za kumi kumi. Zamani kipimo kilikuwa 1 hadi 30, nacho ndicho kilichotumika nilipofanya mimi. Ukikutana na ushauri wa zamani unaosema upate 20 au 22, usiuchanganye na matokeo yako ya mazoezi, kwani nimeona vijana wakikosa usingizi kwa kulinganisha vipimo viwili tofauti.

Hofu inafanyaje kazi

Akili ina nafasi ndogo ya kushikilia mambo ya wakati huohuo, kama vile namba unayoibeba kichwani unapokokotoa au mwanzo wa sentensi unapousoma mwisho wake. Mawazo ya hofu, kama "nitafeli" au "nitawaambia nini nyumbani," hukaa katika nafasi hiyohiyo na kuisonga. Ndiyo maana mtu husahau ndani ya chumba, kisha akakumbuka kila kitu akiwa kituo cha basi: maarifa hayakupotea, ila mlango wake ulikuwa umezibwa.

Hata hivyo usijiwekee lengo la kutokuwa na hofu kabisa. Mwaka 1908 wanasaikolojia wa Marekani Robert Yerkes na John Dodson walionyesha, kwa majaribio ya panya, kwamba kazi ngumu hujifunzwa vyema zaidi pale msukumo unapokuwa wa kiasi kuliko unapokuwa mkali, na tangu hapo wazo hilo limetumika sana kueleza hali ya watahiniwa. Msukumo kidogo hukuamsha. Kinachotakiwa ni kuushusha kutoka kwenye ukali hadi kwenye kiasi, na mwenye kuungoja utoweke kwanza ndipo aanze kusoma atangoja muda mrefu.

Lazima pia utenganishe hofu ya mtihani na maradhi. Ikiwa wasiwasi unakuandama hata siku zisizo na kitabu, unakunyima usingizi kwa majuma, unakufanya ukwepe watu au chakula, au unapatwa na vipindi vya kukosa pumzi na kuhisi unakufa, mwone daktari au mshauri nasaha. Vyuo vingi vya Marekani vina huduma hiyo kwa wanafunzi wao, na mara nyingi gharama yake imo ndani ya ada. Kwetu wapo wanaosema kwamba wasiwasi ni upungufu wa imani. Mimi niliendelea kusali huku nikihudhuria ushauri, na sikuona mambo hayo mawili yakigombana. Yeyote anayejiwa na mawazo ya kujidhuru nchini humo anaweza kupiga simu au kutuma ujumbe kwa namba 988, saa yoyote. Usimeze kamwe dawa ya kutuliza uliyopewa na rafiki, na kama daktari amekuandikia yako, ijaribu kwanza siku ya jaribio la nyumbani, kwa kuwa baadhi ya dawa hizo huleta usingizi.

Tarehe unaichagua wewe, na hapo ndipo hofu hupata nguvu

Mtihani wa taifa huko nyumbani huja kama mwezi mwandamo: uwe tayari au usiwe, siku yake itafika. DAT hauko hivyo. Ukishapata namba ya utambulisho iitwayo DENTPIN na maombi yako kukubaliwa, unapewa kipindi cha miezi sita, na siku ndani ya kipindi hicho unaipanga mwenyewe. Uhuru huo ni mzigo kwa mtu mwenye wasiwasi. Usiku unaokaribia mtihani hofu hupanda, anafungua kompyuta, anasogeza tarehe mbele kwa majuma matatu, na papo hapo kifua kinatulia. Utulivu huo ndio unaodanganya, kwa sababu mwili umejifunza kwamba kukimbia kunalipa, na safari ijayo utadai kukimbia mapema zaidi. Nilisogeza tarehe yangu mara mbili, na kila mara nilirudi kwenye vitabu nikiwa na hofu kubwa kuliko ya awali. Fedha pia hupotea, kwani ada ya kubadilisha siku hupanda kadiri siku yenyewe inavyokaribia.

Dawa yake ni kuandika sharti la kuahirisha wakati ukiwa umetulia, majuma mengi kabla, na kumkabidhi mtu unayemwamini nakala ya karatasi hiyo. Sharti langu lilikuwa hivi: nikifanya majaribio mawili kamili mfululizo, kwa muda halisi, na yote mawili yakawa chini ya alama niliyoiandika, nitaahirisha mara moja tu, vinginevyo nitakwenda, hata kama usiku wa kuamkia siku hiyo nitahisi sijui lolote. Ni muhimu uamuzi ufanywe na alama zilizo kwenye karatasi, kwa sababu hisia za usiku wa manane hazijawahi kuwa shahidi mwaminifu.

Katika kuchagua tarehe, kumbuka kwamba mfumo wa maombi ya vyuo, AADSAS, hufunguliwa mwezi Mei na maombi huanza kupokelewa mwanzoni mwa Juni, na vyuo vingi huyashughulikia kadiri yanavyofika. Anayefanya mtihani majira ya kuchipua, kabla ya Juni, hujiachia nafasi ya kurudia bila kuupoteza mwaka.

Kuna jambo jingine la kushughulikia mapema, nalo huwagusa sana watu wetu. Jina ulilojiandikishia lazima lifanane kabisa na lile lililo kwenye vitambulisho viwili utakavyobeba, ambapo kimoja kiwe cha serikali chenye picha na saini. Wengi tuliofika Marekani kama wakimbizi au kwa kufuata familia tuna majina yaliyogeuzwa mpangilio, la babu likawekwa mwanzoni, au herufi moja ikadondoka kwenye kadi ya ukaazi. Lirekebishe jambo hilo siku unayojisajili, kwa sababu kurudishwa mlangoni ni aina ya mshtuko ambao hakuna zoezi la kupumua litakaloutuliza.

Ratiba, na kwa nini kusoma tena hakutoshi

Majuma kumi hadi kumi na mawili humtosha mtu aliyekwisha kusoma baiolojia na kemia chuoni, kwa saa tatu au nne kila siku. Anayefanya kazi, na wengi wetu tunafanya kazi za kutunza wazee au za ghalani zamu ya usiku, atenge majuma kumi na sita na ajipangie saa mbili za uhakika badala ya saa nne za matumaini. Wa zamu ya usiku awaombe wakubwa wake mapema wambadilishie zamu kwa majuma mawili ya mwisho, ili usingizi urudi usiku na ubongo uwe macho saa ileile ya mtihani.

Mwenye wasiwasi hupenda kusoma kitabu tena na tena na kupaka rangi mistari, kwa sababu kufanya hivyo hakumfichulii asichokijua. Maswali humfichulia, na ndiyo maana huyakwepa. Lakini mwaka 2006 watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha kwamba wanafunzi waliojipima kwa kukumbuka walichosoma walikihifadhi zaidi, baada ya siku kadhaa, kuliko wale waliokisoma tena, ingawa hao wa pili ndio waliojiamini zaidi. Kwa hiyo kila siku tumia sehemu kubwa ya muda kwa maswali, na masomo uyarudie kwa vipindi vinavyoachana: kesho, baada ya siku tatu, baada ya juma.

Weka daftari la makosa lenye safu nne: swali lilihusu nini, nilijibu nini, kwa nini nilikosea, na nilijisikiaje nilipokuwa nalijibu. Safu ya nne ilinifunza kuliko zote. Baada ya majuma matatu niliona kwamba karibu nusu ya makosa yangu ya kemia ya kikaboni nilikuwa nayajua majibu yake, na kwamba yalifuatana: nikikwama katika swali moja, matatu yanayofuata nayo yaliharibika.

Sehemu ya maumbo ndiyo inayotisha wageni, kwa kuwa haifundishwi shuleni, lakini pia ndiyo inayoongezeka haraka kwa mazoezi. Ina aina sita za maswali, kumi na matano kila aina: kutambua tundu ambalo umbo fulani linaweza kupita, kuona umbo kutoka juu, mbele na ubavuni, kupanga pembe kuanzia ndogo hadi kubwa, karatasi iliyokunjwa na kutobolewa, kuhesabu michemraba, na kukunja mchoro bapa uwe kitu chenye ujazo. Ipe nusu saa kila siku, bila kukosa, badala ya saa tatu siku ya Jumapili. Kwa maswali ya karatasi, chora gridi ya miraba minne kwa minne na uweke alama za matundu unapoikunjua hatua kwa hatua. Kwa michemraba, andika kwanza jedwali la ile iliyopakwa rangi upande mmoja, miwili, mitatu na kuendelea, ukikumbuka kwamba upande wa chini unaokalia sakafu haupakwi, kisha jibu maswali yote ya mchoro huo kutoka kwenye jedwali. Pembe zisikuchukulie muda: jicho likishatoa uamuzi wake wa kwanza, kuzikodolea zaidi huliongezea mashaka tu.

Hisabati niliizoeza kidogo kidogo. Ufahamu, kwa aliyejifunza Kiingereza kama lugha ya tatu, unataka kusoma makala moja ya sayansi kila siku hadi siku ya mwisho.

Kuuzoesha mwili

Kila Jumamosi, kuanzia juma la tano, fanya jaribio kamili. Kamili maana yake ni kuanza saa ileile utakayoanza siku yenyewe, kwenye maktaba au chumba usichokizoea, simu ikiwa nje, bila chakula mezani, kwa kalamu ya maka na ubao mdogo uliofunikwa plastiki kama vile vinavyotolewa kituoni, na mapumziko ya nusu saa mara moja tu. Jaribio la kwanza litakuogofya. La nne litakuchosha, na kuchoka huko ni dalili njema, kwa sababu mwili hauwezi kuendelea kukiogopa kwa nguvu ileile kitu ambacho umekipitia mara nyingi pasipo madhara. Ikiwa jaribio kamili ni mlima usiopandika, anza na sehemu moja bila kupima muda, kisha sehemu moja kwa muda halisi, kisha mbili, ndipo uunganishe.

Zoezi la pumzi lifanywe kila siku, asubuhi na kabla ya kulala, kwa dakika tano: vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe polepole kwa hesabu ya sita au nane. Pumzi ndefu ya kutoka hupunguza mapigo ya moyo. Wengi huliacha hadi siku ya mtihani, wanaona halifanyi kazi, na wanalaumu zoezi, ilhali mwili haujui bado linamaanisha nini.

Mambo mawili yaliyochunguzwa na watafiti yalinisaidia sana. Mwaka 2011 Gerardo Ramirez na Sian Beilock waliripoti kwamba wanafunzi wenye hofu walioandika kuhusu hofu yao kwa dakika kumi kabla tu ya mtihani walipata alama bora kuliko wenye hofu ambao hawakuandika. Fanya hivyo nyumbani au garini kabla ya kuingia, kisha karatasi uiache hukohuko. Na mwaka 2014 Alison Wood Brooks alionyesha kwamba watu walioambiwa waseme wana hamasa walifanya vizuri kuliko walioambiwa watulie. Moyo unaokwenda mbio kwa hofu na ule unaokwenda mbio kwa shauku hutofautiana kidogo sana, kwa hiyo ni rahisi zaidi kuubadilishia jina kuliko kuuzima.

Watu waliokuzunguka

Mzigo mkubwa wa kijana wa kwetu ni kwamba hafanyi mtihani peke yake. Mama amekwisha kuwaambia majirani kwamba mwanawe atakuwa daktari, shangazi aliyeko Kigoma au Bukavu anapiga simu kila Ijumaa akiulizia, na kila anayeuliza anauliza kwa upendo. Waambie mwezi wa mtihani, usiwaambie siku. Nilimwambia mama yangu: "Mama, niombee mwezi huu wote, na mimi ndiye nitakayekupigia." Akakubali, na naamini hata yeye alipumzika. Makundi ya mtandaoni ya kulinganisha alama nilijitoa mwezi mzima kabla.

Kama una maradhi ya wasiwasi yaliyothibitishwa na mtaalamu, sheria ya Marekani ya mwaka 1990 ya haki za watu wenye ulemavu inakupa nafasi ya kuomba mazingira maalumu, kwa mfano muda wa nyongeza au chumba cha peke yako. Ombi hutumwa pamoja na vielelezo kabla ya kupanga siku, na ukishapanga huwa umechelewa. Usione haya kulituma.

Siku yenyewe

Siku mbili kabla, tembelea kituo ujue mlango, maegesho na basi linalofika pale. Kesho yake usisome zaidi ya saa moja. Asubuhi kula ulichozoea, iwe uji au chai na mkate, na kahawa isizidi ile ya kila siku. Tarajia kukaguliwa mifuko, mikono ya nguo na miwani, na kuacha vitu vyako kabatini. Ukilijua hilo mapema hutadhani umeshukiwa.

Ikitokea hofu ikapanda katikati ya sehemu, fanya mambo haya kwa utaratibu uliokwisha kuuzoeza Jumamosi zako: chagua jibu lolote, liwekee swali alama ya kurudia, ondoa macho kwenye skrini, kandamiza nyayo sakafuni, toa pumzi ndefu mara tatu, kisha ruka hadi swali unaloliona rahisi na uendelee kutoka hapo. Yote huchukua kama sekunde 30, ambazo ni chini ya muda wa swali moja la sayansi. Mapumziko yachukue hata kama unajisikia vizuri. Kula ndizi, nyoosha mgongo, usiwaze sehemu zilizopita.

Matokeo yasipokuwa uliyoyatarajia, kanuni hutaka zipite angalau siku 60 kabla ya kurudia. Jioni ya siku ya mtihani andika katika lile daftari ulipopotezea muda na mwili wako ulifanya nini katika kila sehemu, bila kunakili maswali, kwani umeahidi kuyatunza kuwa siri. Kisha lifunge kwa juma moja zima, lala, wapigie wazazi, na Jumatatu inayofuata ulifungue kwenye safu ya nne.